Umejifunza Wapi Kujitukana?



Mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa jembe na wa udongo wa kufinyangia. Mtoto akapewa jina la Mtumwa. Zama hizo utumwa ulikuwa bado halali Unguja. Ulikuja kufutwa kwa sheria mwaka 1897, binti huyo akiwa na miaka 17. Hebu tulieni kidogo na jambo hili. Kila alipoitwa kwenda kuchota maji, kila alipoitwa kula, aliitwa Mtumwa. Jina ni neno la kwanza ambalo mtoto huambiwa kuhusu yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa lake.

Alikua akifinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza, kavibeba kichwani. Shule hakuiona. Alichojaliwa ni sauti. Husimuliwa kwamba alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na watu wa mjini wakawa wanajua anakuja kabla hajatokeza. Mnamo mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, akamfunza uimbaji wa taarab. Wakati ule taarab ilikuwa muziki wa kasri na wa wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake wakiwa wanaume. Binti wa Fumba akaiimba kwa Kiswahili, akawaimbia wakubwa na akawaimbia watu wa kawaida wa mtaa wa Ng'ambo vilevile. Watu wakalivua lile jina la Mtumwa, wakamvika jina la heshima: Siti. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sahani za santuri zenye sauti yake zikauzwa kwa maelfu Afrika Mashariki. Huyo ndiye Siti binti Saad.

Sasa tegeni sikio. Alipopanda, wenye husuda hawakukosekana. Wakamtungia wimbo. Ndani ya wimbo huo walimuuliza amekuwa mtu lini, yeye aliyekuja kutoka shamba na kaniki mwilini, tena wakasema kama isingekuwa sauti yake angekula nini. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, kwa hiyo kila aliyesikia alielewa wanalenga wapi. Walimsema na sura yake pia. Na mji wa Unguja mnaujua: wimbo wa kumsema mtu haulali njiani.

Angeweza kujifungia ndani. Angeweza kurudi Fumba. Siti alijibu kwa wimbo, kama mwanataarab, na kinachonigusa mimi hasa ni namna alivyojibu. Hakuimba kwamba yeye ni mzuri kuwashinda wao. Hakukana kwamba alitoka shamba, maana alitoka shamba kweli. Aliimba kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si vipimo vya binadamu, na mwenye hasara ni yule aliyekosa akili. Alikubali habari, akaikataa hukumu. Shikeni maneno hayo mawili, habari na hukumu, tutayahitaji mbele.

Siti alikuwa na nafuu moja: aliwajua waliomtukana. Aliweza kuwaelekea. Sasa nizungumze nawe mmoja mmoja, mwanangu, kwa sababu anayekutukana wewe huenda humjui anakaa wapi.

Chukua mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu anagawa karatasi za mtihani, na yake imeandikwa 23 kati ya 100, kwa wino mwekundu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakusema kitu, ameshapita, yuko dawati la tatu huko. Lakini kabla mwanafunzi huyo hajaikunja karatasi, kuna anayesema naye: "Si nilikwambia? Una kichwa kigumu. Hesabu si za watu kama wewe. Kidato cha nne utafeli, utarudi nyumbani, na mama atakuwa amepoteza pesa zake bure." Yote hayo yamesemwa kwa muda usiotosha kumeza mate, na hakuna mwingine darasani aliyesikia hata neno.

Unaijua sauti hiyo. Wengine huwajia wakisimama mbele ya kioo, wakaambiwa habari za chunusi, za wembamba, za weusi. Wengine huwajia pale wanapotaka kunyanyua mkono wajibu swali, na mkono ukarudi chini. Wengine ni usiku, au wakipitia picha za wenzao kwenye simu. Jirani angekwambia maneno hayo, ungemshtaki kwa wakubwa. Ila sauti hii inasema ndani yako, kwa lafudhi yako, kwa hiyo unaipokea bila kuiuliza imetumwa na nani.

Basi tuiulize. Imetoka wapi?

Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1934, akiwa na miaka 37 tu. Katika maisha hayo mafupi alitumia muda mwingi kuwatazama watoto wadogo. Nawe umewatazama. Mdogo wako wa miaka minne au mitano, akijenga nyumba ya mchanga, hukaa peke yake akisema: "Hapa mlango. Hapana, huu mdogo. Ngoja, natafuta kijiti." Hamwambii mtu. Anajisemea. Wataalamu wengine wa wakati huo, akiwemo Jean Piaget wa Uswisi, waliona kuwa maneno hayo ni ya utoto tu, na mtoto akikua yanakwisha yenyewe.

Vygotsky hakuridhika. Aliwapa watoto kazi ya kuchora, kisha akafanya makusudi pakosekane kitu: kalamu ya rangi haipo, au karatasi haipo. Watoto wakazidi kujisemea kuliko walivyokuwa wakifanya kazi ikiwa nyepesi. Mmoja, alipokosa kalamu ya buluu, alijishauri kwa sauti achukue nyekundu ailoweshe maji, ili rangi iwe nzito ifanane na buluu. Maneno yale yalikuwa yakimsaidia kufikiri. Kwa hiyo Vygotsky akasema: hayafi maneno haya, yanazama. Mtoto akifika umri wa kwenda shule midomo hunyamaza, lakini mazungumzo huendelea kimyakimya. Na kabla ya hapo yalitoka kwa watu. Mtoto kwanza huambiwa na wakubwa, "taratibu, utamwaga". Halafu hujiambia mwenyewe kwa sauti, "taratibu". Halafu hujiambia bila sauti, na kuanzia hapo huona ni mawazo yake. Kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilichapishwa mwaka uleule aliofariki.

Mimi katika yote niliyosoma kuhusu akili ya binadamu, hakuna lililonifungua macho kuliko hili. Sauti unayoisikia ndani iliwahi kuwa nje. Ilikuwa kinywani mwa mtu. Nyingine ilikuwa ya mtu mwema, na ndiyo inayokukumbusha kutazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Nyingine ilikuwa ya mwalimu aliyekuita mbumbumbu mbele ya darasa, au ya shangazi aliyekulinganisha na binamu yako kila sikukuu, au ya watoto wa mtaa waliokubandika jina la utani kwa sababu ya meno yako. Aliyesema ameshasahau, pengine alikuwa amechoka tu siku hiyo, pengine naye aliambiwa hivyohivyo alipokuwa mdogo. Wewe umelibeba neno lake kama vile ulizaliwa nalo.

Hukuzaliwa nalo. Ulifundishwa. Na mtu aliyefundishwa anaweza kufundishwa upya.

Hapo ndipo wengi hukimbilia njia ya mkato. Utaambiwa simama mbele ya kioo kila asubuhi, useme: mimi ni bora, mimi ni mshindi, mimi napendwa. Wahamasishaji wanaijaza mitandao kwa maneno hayo. Sitaki kumvunja moyo anayeona yanamfaa. Lakini lazima niwe mkweli kwako. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hilohilo. Waliwataka watu wairudierudie kauli ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wale ambao tayari walijithamini walijisikia vizuri kidogo. Wale waliojidharau, ambao ndio hasa wenye kuihitaji dawa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao waliojidharau ambao hawakurudia kauli hiyo.

Ukitafakari utaona kwa nini. Moyo unajua ulipo. Mwambie mwanafunzi yule mwenye 23 mkononi ajiite bingwa wa hesabu, na sauti ya ndani itamletea ushahidi palepale: mtihani wa Machi, mtihani wa Juni, siku aliyoitwa ubaoni akaganda. Umeipa kesi ya kushinda. Kujijenga kwa uongo hakufiki mbali, kwa sababu mtu wa kwanza kuujua uongo huo ni wewe uliyeusema.

Kinachofika mbali ni ukweli uliopepetwa, kama mchele unavyotenganishwa na chuya. Na hapa nimlete daktari mmoja.

Aaron Beck alizaliwa Marekani mwaka 1921 akafariki mwaka 2021, mtu wa miaka 100. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Miaka ya 1960 alikuwa akiwatibu watu wenye sonona, yaani huzuni nzito inayomkaa mtu wiki kwa wiki mpaka akakosa hamu ya chakula, ya kazi, ya watu. Katika kuwasikiliza, akagundua kwamba wakati mgonjwa anamsimulia jambo moja, ndani yake kulikuwa na mazungumzo ya pili yakipita upesi, na ambayo hakuwa akiyataja mpaka aulizwe: "daktari ananiona wa ajabu", "namchosha", "sitapona". Mawazo hayo yalikuja yenyewe bila kuitwa, na mgonjwa aliyaamini bila kuyachunguza. Beck akawafundisha wagonjwa wake kuyakamata, kuyaandika na kuyadai ushahidi. Tiba iliyotokana na kazi yake leo inatumika duniani kote, na ni miongoni mwa tiba za maongezi zilizofanyiwa utafiti mwingi kabisa.

Si lazima uwe mgonjwa ili ujifunze kutoka kwake. Chukua daftari lolote. Sauti inapokushambulia, andika ilichosema neno kwa neno, hata kama ni aibu, daftari ni lako. Kisha chini yake andika habari peke yake. Mwanafunzi wetu angeandika hivi: Nimepata 23. Maswali manne ya aljebra sikuyagusa. Wiki mbili za mwezi uliopita nilikuwa kitandani na malaria. Maswali yote ya asilimia nimepata. Hizo ni habari. Sasa atazame tena alichoambiwa: kichwa kigumu, si za watu kama wewe, utafeli. Hiyo ni hukumu, na ukiitafuta kwenye zile habari huioni. Mtu mwenye kichwa kigumu asingepata maswali yote ya asilimia.

Utakapoanza kuandika utakuta maneno fulani yanajirudia. "Siku zote." "Kamwe." "Kila mtu." "Hakuna hata mmoja." Yakamate hayo kwanza, kwa sababu ni rahisi kuyauliza: siku zote kweli? Hata muhula wa kwanza ulipopata 58? Utakuta pia unajipa kazi ya kusoma mioyo ya watu: mwalimu ananichukia, wale wananicheka mimi. Ulisikia wakisema? Uliona nini hasa? Waliokaa pale ukutani wakicheka huenda hata hawakukuona ukipita. Usiwe na haraka ya kujijibu. Swali likikaa kwenye karatasi usiku mzima, asubuhi hupungua makali.

Nina mtu wa pili wa kukusimulia, naye ni wa kwetu kabisa. John Stephen Akhwari, mkimbiaji kutoka Mbulu, aliiwakilisha Tanzania katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, watu wengi wameshaondoka, mguu umefungwa bandeji, akichechemea mpaka mstari wa mwisho. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Wa mwisho. Hiyo ni habari, iko kwenye vitabu vya Olimpiki hadi leo, na hakuna awezaye kuifuta. Ila walioanza mbio zile walikuwa zaidi ya 70. Waliobaki hawakumaliza kabisa. Hiyo nayo ni habari. Na walipomuuliza kwa nini hakuacha, jawabu lake likawa kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma amalize. Nataka ulitazame jawabu hilo kwa makini. Hakusema hakuumia. Hakusema angeshinda kama si kuanguka. Alijua alichotumwa na akajipima kwa hicho, kama Siti alivyochagua kipimo chake. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, mtu huyohuyo alikimbia marathoni akawa wa 5. Kama ile namba 57 ingeachwa iwe hukumu, asingeonekana Edinburgh.

Kuna ujanja mdogo ambao nao umejaribiwa na watafiti, nami naupenda kwa sababu hauhitaji hata daftari. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo watu walipewa dakika chache wajiandae kuhutubia mbele ya wasiowajua. Baadhi waliambiwa wajisemeshe kwa "mimi": kwa nini mimi naogopa? Wengine waliambiwa wajiite kwa majina yao, kama wanavyomsemesha rafiki. Waliojiita kwa majina walihutubia vizuri zaidi, na baadaye hawakuteswa sana na aibu. Sababu yake haiko mbali. Ukijiita kwa jina lako unasogea hatua moja pembeni, na mtu aliye pembeni huona zaidi. Zaidi ya hapo, sote tunajua kumsemesha rafiki kwa upole. Rafiki yako akija na 23, humwambii una kichwa kigumu. Unamwambia, "Pole. Hebu nione umekosa wapi." Basi jiite jina, na ujiambie hilohilo.

Na ukimaliza, usisahau kuongeza neno "bado". Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, amelipigania neno hilo kwa miaka mingi. "Sijui aljebra" ni mlango uliofungwa. "Sijui aljebra bado", hapo pana Jumatano ya kumfuata mwalimu, na pana rafiki anayeijua. Lakini neno hilo peke yake halitoshi. "Bado" isiyofuatwa na kazi inageuka kuwa kisingizio.

Sasa nifike mahali ambapo vitabu vingi vya kujipa moyo huninyima raha, kwa sababu husema kana kwamba shida zote za mtu zimo kichwani mwake. Si kweli. Kuna mtoto anayeshindwa darasani kwa sababu tangu asubuhi hajala. Kuna asiyeona ubao na hakuna aliyempeleka kupimwa macho. Kuna anayepigwa nyumbani. Kumwambia mtoto huyo abadili fikra zake na kumwacha hapohapo ni kumwonea mara ya pili. Ambacho sauti ya ndani humfanyia ni kumshawishi kwamba shida hiyo ni kosa lake, kwamba anastahili, na kwamba asimwambie mtu. Hapo ndipo inapomdhuru zaidi. Njaa ni habari. "Nastahili" ni hukumu, tena ya uongo mtupu.

Ndiyo maana nataka usikie habari za bibi wa Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliona nchi nzima haina madaktari wa fani yake wa kutosha hata mkoa mmoja. Akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wanawake wazima wanaoheshimiwa, wasio na shahada, wakafunzwa kusikiliza. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Washona, watu wa nchi hiyo, wana jina la ugonjwa ambao bibi hao waliukabili, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hakumwambia mgeni wake afurahi. Alimwacha afungue moyo, wakazitaja shida zake zote, wakachagua moja tu, wakatafuta hatua ya kuanzia wiki hiyo. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 katika vituo 24 vya afya vya Harare yalitangazwa: baada ya miezi sita, waliokaa benchini na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika na Zanzibar.

Kwa nini mazungumzo ya benchini yafanye kazi hivyo? Mimi nina jibu langu, na naamini Vygotsky angelikubali. Ikiwa sauti mbaya iliingia kutoka kwa watu, na njema nayo huingia kwa njia hiyohiyo. Mtu akikusikiliza kwa upole mara nyingi, upole wake unaanza kukaa ndani yako, na siku moja ukiwa peke yako unasikia umejisemesha kama yeye. Kwa hiyo daftari ni zuri, lakini usiligeuze pango la kujifichia. Tafuta bibi, mama mdogo, mwalimu mmoja mwenye moyo, kaka wa msikitini au wa kwaya, mkae kitako.

Na kuna sauti moja ambayo sikuruhusu kabisa ujibizane nayo peke yako. Ikikwambia kwamba bora usiwepo, kwamba wenzako watapumzika ukifa, funga daftari, nyanyuka, mwambie mtu mzima usiku huohuo, hata kama ni wa kuamshwa. Ukimwambia wa kwanza akapuuza, mwendee wa pili. Tanzania, Kenya na Uganda namba ya simu 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure.

Nimebakiwa na ombi moja, nalo ni kwa ninyi mlio na wadogo nyumbani. Mtoto wa miaka mitano yuko katika umri uleule ambao Vygotsky aliuchunguza. Anachoambiwa leo anakirudia kwa sauti akicheza uani, nenda kamsikilize, utasikia maneno ya nyumba nzima, na ya kwako yamo. Miaka miwili mitatu ijayo atakuwa anayasema kimya na hutaweza tena kuyasikia wala kuyasahihisha. Jioni ya leo akikuletea daftari lenye makosa, kaa naye, mwoneshe kosa liko wapi, msubiri alifute, aandike upya. Na usimwite mjinga, hata kwa utani.